Kengele ya Mbuzi Nyuma ya Baiskeli

Siakago,
Jumapili jioni

Mama yangu kipenzi,

Asalaam aleikum. Naandika nikikuona umekaa kibarazani, kikombe cha chai mkononi, unamsema kila anayepita barabara ya Majengo. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Hamisi akuletee umeitumia, au umeipanga kabatini pamoja na zile nyingine ili wageni waione? Mimi ni mzima, alhamdulillah. Chakula kipo, maji yanapatikana kwa kubahatisha, na jua la huku limenichoma mpaka utadhani nimebadilishwa njiani.

Ule ujumbe wako wa sauti niliupata. Kwa bahati mbaya niliufungua nikiwa zahanati, na spika ya simu yangu haina adabu. Wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi walimsikia mama yangu akiuliza: "Zuhura, ni kweli umekuwa mtu wa kupanda baiskeli barabarani na mapaja nje?" Mama! Mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya kikohozi alicheka mpaka kikohozi chenyewe kikakaa kando. Najua ni Hamisi aliyekuletea habari hizo. Aliniona siku ile alipokuja kumnunulia Baba Mdogo mbuzi wa buchari, akiwa amekaa juu ya lori katikati ya mbuzi wake. Kwamba nilikuwa kwenye baiskeli ni kweli. Kwamba mapaja yalikuwa nje, hiyo ni chumvi, tena ya kilo nzima.

Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, kwa hiyo nimekaa chini nikuandikie. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unajua zahanati yetu iko mbali na mji. Nilipohamia hapa nilidhani nitakuwa nikipanda pikipiki kila asubuhi. Kumbe asubuhi ndiyo saa ya muguka, ile miraa ya majani ya huku. Majani yakishachumwa lazima yafike sokoni kabla hayajanyauka, na pikipiki zote zinakimbia na magunia. Ukimsimamisha dereva anakuangalia kama uliyemwomba figo. Basi nikawa natembea, mchanga ukiniingia kwenye viatu, nafika kazini nimelowa jasho na watu wananiuliza kama mimi ndiye mgonjwa wa kwanza.

Aliyeniokoa anaitwa Wawira, mwanamke mrefu mwenye duka la dawa za mifugo karibu na ninapoishi. Huku muuguzi yeyote wanamwita daktari, kwa hiyo tulia, usianze kutangaza. Asubuhi moja akanisimamisha.

"Daktari, wewe kila siku unafika kazi kama umetoka kulima. Kuja Saturday kwa uwanja ya shule. Kuna baiskeli yako."

"Lakini mimi sijui kuendesha," nikamwambia.

"Nani amekuuliza kama unajua?"

Mama, nilikuta akina mama wengi uwanjani, na si wasichana. Kuna muuza ndengu, kuna mwalimu, kuna mama wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha kijiji, kuna bibi ambao wajukuu wao wako sekondari. Baiskeli zenyewe ni zile blakmamba nzito walizoendesha baba zao na waume zao, zilizokuwa zimetupwa ghalani tangu pikipiki ziingie. Wawira alipita nyumba kwa nyumba akizidai. Mwanamume akisema baiskeli ni mbovu, anamwambia, "Nipe huo ubovu, nitajuana nao." Fundi akazikarabati, na sasa kila Jumamosi asubuhi wanatoka pamoja, wakiwa wamefunga leso na kuvaa masweta. Wanaanza kwa maombi marefu ya kanisani kwao. Mimi nasimama pembeni nainua mikono yangu kivyangu, na hakuna anayeniuliza kitu. Baada ya amina, safari.

Nilivyofundishwa nitamwandikia Rukia hapa, maana najua anasoma barua hii juu ya bega lako. Rukia mdogo wangu, usianze na pedali. Kiti kishushwe mpaka nyayo zote mbili zikae chini, halafu ujisukume kwa miguu kama mtoto anayecheza, mpaka mwili uzoee kuyumba. Ukishazoea, tafuta mteremko mdogo, inua miguu, uiache baiskeli iende. Pedali ni mwisho kabisa. Na usiangalie tairi! Mimi nilikuwa nalikodolea macho tairi la mbele mpaka Wawira akanipigia kelele: "Daktari, tairi haiendi mahali! Angalia kwenye unaenda!" Nikainua macho, na baiskeli ikanyooka yenyewe.

Kuhusu nguo, Mama, sikiliza vizuri ili umweleze Baba Mdogo pia. Siku ya kwanza cheni ilikula dera langu la zambarau, lile ulilonishonea, na ikanibidi nilikate na mkasi ndipo niachiliwe. Niliumia sana. Tangu siku hiyo navaa suruali ndefu mpaka kwenye vifundo, dera juu yake, na pembe za dera nazibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mtu hawezi kuona hata kisigino. Hamisi akapimwe macho.

Mengine nimejifunza kwa kuumia. Nilipaka cheni mafuta ya kupikia, vumbi lote la huku Mbeere likaja kukaa pale, cheni ikawa kama imekaangwa. Breki ya mbele nilishika peke yake kwenye changarawe, nikaruka juu ya usukani nikatua kwa magoti. Sasa natangulia na ya nyuma, polepole. Na mwiba ukichoma tairi, usiuchomoe papo hapo kwa hasira. Uache ulivyo, umeziba tundu lake mwenyewe. Fika kwanza kivulini palipo na pampu, ndipo uuchomoe.

Lakini jambo lililonishika moyo ni mwendo wao. Mwenye mwendo wa pole kuliko wote ndiye anayewekwa mbele, na hakuna ruhusa ya kumpita. Wenye mapafu kama Wawira wanakaa nyuma. Kwenye mlima wakimwona wa mbele ameshuka anasukuma, wote wanashuka wanasukuma. Mimi nilikuwa mbele kwa wiki nyingi, nikiona aibu, nikisema, piteni jamani. Mama wa kwaya akanijibu kutoka huko nyuma, "Tupite twende wapi? Wewe ndio dereva wetu." Tangu nihame nyumbani sijawahi kujisikia mtu wa watu kama siku ile. Nilitaka kulia, ila kwenye baiskeli ukilia huoni njia.

Sasa nifike kwa Mama Ireri, maana hasa yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mama Ireri ni mjane, nafikiri ana umri kama wako au wa kaka yako mkubwa, ila usiniulize wewe una miaka mingapi. Ni mhudumu wa afya ya jamii. Kazi yake ni kuzunguka nyumba za eneo lake, kupima watoto uzito, kupima wazee presha, kuangalia mama aliyejifungua kama ananyonyesha vizuri, halafu kutuletea sisi zahanati wale wanaohitaji kuonwa. Amezizunguka nyumba hizo kwa miguu tangu Ireri wake akiwa shule ya msingi, na sasa Ireri ana mke. Kila boma anajua mbwa wake jina. Kuna wasichana wanaomweleza yeye mambo ambayo mimi na koti langu jeupe siambiwi hata kwa dawa.

Mwaka huu eneo lake likaongezwa. Mwenzake wa ng'ambo ya mto mkavu wa huku alihama, na nyumba zake zikaunganishwa na za Mama Ireri. Kwa miguu haiwezekani. Msimamizi wa wahudumu, mtu mpole anayevaa koti la mvua hata kiangazi, alikuja zahanati akamwambia ukweli bila ukali: eneo lote litapewa kijana mwenye pikipiki, labda kama yeye mwenyewe anaweza kufika kila upande kwa siku moja. Atakuja mwisho wa mwezi aandamane naye. Wakimaliza mzunguko kabla ya jua kutua, nyumba ni zake. Wasipomaliza, ampe kijana mkoba wa kazi.

Mama Ireri alisikiliza, akasema asante. Msimamizi alipoondoka akakaa kwenye benchi ya wagonjwa.

"Daktari," akaniambia, "mzee yangu alipokufa, mimi nilikuwa nalala mchana. Hizi nyumba ndio zilinitoa kitandani. Sasa nikipeana, nitaamka nikifanya nini?"

Jumamosi nikampeleka uwanjani.

Mama, nimeona watu wakijifunza baiskeli, lakini huyu alipigana nayo. Alianguka kushoto, akaanguka kulia, akaanguka ikiwa imesimama. Kila mara anainuka, anakung'uta leso, anasema "Tena." Wawira alimshikilia keria kwa nyuma akikimbia naye mpaka viatu vikamtoka. Halafu Jumamosi moja, bila kutangaza, akaenda. Akazunguka uwanja mzima. Mama wa kwaya akapiga kigelegele, na Mama Ireri kwa kushtuka akaanguka, lakini akiwa anacheka.

Basi tukadhani kazi imekwisha. Wapi! Jumatatu akajaribu kwenda kazini nayo.

Unaujua mukwa, ule ukanda wa ngozi wa kubebea mzigo, unaofungwa mzigoni ukapitishwa utosini, mzigo ukalala mgongoni. Wale akina mama wa Kibirichia wanaoleta viazi sokoni kwetu wanao. Mama Ireri amebeba kwa mukwa tangu utotoni, hata alama yake iko pale juu ya paji la uso. Ule mkoba wa kazi, wenye mizani na mashine ya presha, alishakata mikanda yake zamani akautia mukwa. Sasa siku hiyo akapanda baiskeli na mkoba mgongoni, mukwa kichwani. Keria iko nyuma yake, tupu!

Mwenye mukwa hawezi kuinua uso. Shingo inavutwa, anaona ardhi iliyo mbele ya miguu tu. Kwa kutembea haina shida. Kwa baiskeli, aliona kichuguu kikiwa tayari chini ya tairi. Akaruka, mkoba ukampita kichwani, ukamvuta nao. Niliitwa nikamkuta amekaa chini, kiwiko kimechubuka, nyusi zimejaa vumbi, ameikumbatia mashine ya presha kifuani. Mashine haikuwa na hata mkwaruzo.

Wawira alikuja na hasira zake. "Keria ni ya nini, Mama Ireri? Ni ya kulala kuku?"

"Sasa mimi nitaweka aje kitu ya serikali huko nyuma kwenye siioni?" Mama Ireri akajibu. "Ikianguka nitajuaje? Kwa mgongo naisikia."

Wengine walicheka, mimi sikucheka. Nilimwelewa. Mzigo aliozoea kuuhisi shingoni saa zote, unamwambia auache nyuma huko auamini. Tulimfungia mkoba kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, tukaukaza mpaka hautikisiki. Akapanda, akaenda hatua chache, akageuza shingo kuuangalia. Akaenda tena, akageuka tena. Mara ya tatu akaingia moja kwa moja kwenye ua wa miiba wa jirani yake. Nikamtoa miiba mikononi hadi adhuhuri.

"Mimi naachana na hii kitu," akasema. "Kijana achukue."

Wiki hiyo hatukumwona. Jumamosi hakuja, na hata mama wa kwaya hakuimba. Nilikasirika, Mama, nisikufiche. Nilikasirikia ule mchanga, nikakasirikia pikipiki za muguka, nikamkasirikia na msimamizi ambaye hajakosa kitu.

Jumatano iliyofuata niko dirishani napanga chanjo, nikasikia kengele ya mbuzi. Si ajabu huku, mbuzi ni wengi kuliko watu. Lakini hii ilikuwa inakuja haraka, ting'iri ting'iri, kwa mwendo ambao mbuzi hana. Nikatoka nje. Alikuwa Mama Ireri, juu ya baiskeli, kichwa juu, macho mbele, leso inapepea. Mkoba umefungwa kwenye keria, na juu ya mkoba ameifunga kengele ya beberu wake. Na nyuma yake, Mama, wallahi sitii chumvi, beberu mwenyewe na mbuzi wengine kama kumi wanakimbia wakiifuata kengele yao.

Akafunga breki, ya nyuma kwanza, kama alivyofundishwa.

"Nikiisikia, mzigo iko," akaniambia, akitweta. "Ikinyamaza, nasimama. Sasa nigeuke nikiangalia nini?"

Nilimkumbatia pale pale mbele ya wagonjwa na mbuzi. Hakuna aliyemfundisha hilo, wala Wawira, wala fundi. Alikaa nyumbani akafikiri mpaka akapata. Jumamosi iliyofuata kila mtu alikuwa ameenda zizini kwake kutafuta kengele, na sasa kundi letu likipita watu wanachungulia wakidhani ni mifugo inapelekwa mnadani. Labda ndiyo sababu Hamisi alitazama kwa makini hivyo, alifikiri ni biashara.

Siku ya msimamizi ikafika. Akina mama walitaka kuacha kazi zao wote wamsindikize. Mama Ireri akakataa. "Mkinisindikiza atasema ni nyinyi mmefika." Mimi peke yangu nilikwenda, kwa sababu nilikuwa na watoto wa kufuatilia chanjo zao huko. Nilikuwa na roho juu kuliko yeye. Msimamizi alikuja na pikipiki na lile koti lake. Akataka kutangulia aonyeshe njia. Nikamwambia, samahani mkubwa, kwetu mwenye mwendo wa pole ndiye huwa mbele. Akakubali, maskini. Siku nzima pikipiki yake ilikuwa nyuma yetu ikinguruma kwa gia ya kwanza.

Sasa sikiliza kilichotokea kwenye boma la kwanza. Tumeingia, kengele inalia, mama wa nyumba akatoka na mwiko mkononi. Alipomwona Mama Ireri akasimama kama aliyeona jini.

"Si wewe ulituaga?"

Mama Ireri akainamisha uso, akaanza kufungua mkoba kwa haraka. "Leta mtoto nipime," akasema.

Boma la pili, vilevile. "Mama Ireri! Si ulisema hatutakuona tena?" Na la tatu. Ndipo nilipojua. Wiki ile aliyopotea, mwanamke huyu hakuwa amelala mchana. Alitembea kwa miguu eneo lake lote, nyumba kwa nyumba, hata zile za ng'ambo, akiaga. Na watu wa huku hawamwachi mtu aondoke mikono mitupu. Mwingine alimpa ndengu, mwingine kibuyu cha uji, mwingine asali. Aliaga akalia nao, akabeba zawadi kwa mukwa akaenda nyumbani. Halafu usiku, kama alivyonieleza baadaye, akiwa amezungukwa na hizo zawadi ndipo akashindwa kulala, akaanza kufikiri kuhusu kengele.

"Ungeniambia," nikamnong'oneza njiani.

"Nikuambie nini, daktari? Kwamba nimekula kwaheri ya watu na sijaenda?" Alikuwa anaona haya kweli kweli. Tairi lilipochomwa mwiba hakulalamika, alisukuma baiskeli mpaka kwenye kivuli cha mgunga, akaliziba mwenyewe. Kwenye mto mkavu akapunguza upepo wa matairi ili yasizame mchangani, tukasukuma, tukavuka, akapiga pampu upya. Pikipiki ya msimamizi ilizama, tukarudi tukamsaidia kuitoa. Hapo tulipoteza muda mwingi. Nikaanza kuangalia jua kila dakika, na Mama Ireri akaniambia niangalie ninakoenda.

Boma la mwisho liko juu ya kilima, la ajuza mmoja anayeitwa Cucu Ngithi. Cucu ni bibi. Jua lilikuwa limekaa juu kidogo tu ya vilima. Mama Ireri alikuwa amechoka mpaka miguu inateleza kwenye pedali. Nikamwambia tusukume. Akasema, "Hapana, msimamizi anaangalia." Akapanda kile kilima akiwa juu ya baiskeli, polepole kiasi kwamba kengele ilikuwa inalia mara moja moja, na mimi nyuma yake nikisoma kila dua ninayoijua. Alifika. Jua lilikuwa bado lipo. Nimeona mambo katika kazi yangu, Mama, lakini sijamwona mtu akitaka kitu kama alivyokitaka yeye.

Cucu Ngithi alikuwa mlangoni. Akamtazama Mama Ireri, akaitazama baiskeli, uso ukaingia wasiwasi.

"Umerudi kufanya nini? Ile kuku ilikuwa mgonjwa?"

Mama Ireri alifunika uso kwa leso. Msimamizi akaegesha pikipiki, akauliza ni kuku gani. Nikamweleza yote, la kuaga na la zawadi, maana mwenyewe bado alikuwa amejifunika. Msimamizi akatazama magharibi, akatazama miguu ya Mama Ireri yenye vumbi hadi magotini. Halafu akamgeukia ajuza.

"Cucu, kuna kijana wa pikipiki anaweza kuwa anakuja hapa. Ama mnataka huyu?"

Cucu Ngithi hakufikiri hata kidogo. "Sisi tulishampea kuku ya kwaheri," akasema. "Akienda tena hatuna ingine. Wacha akae."

Msimamizi alicheka mpaka akavua lile koti la mvua. Mara ya kwanza kumwona bila hilo koti. Akasema, "Mama Ireri, nyumba ni zako. Na za ng'ambo pia. Umefika jua likiwa juu, mimi ni shahidi."

Nilidhani atapiga kelele, au ataanguka kwa magoti. Wala. Alishusha mkoba kutoka kwenye keria, akachukua mashine, akakaa kwenye kigoda karibu na ajuza. Machozi yalikuwa yanamtiririka huku anafunga ule mkanda wa presha mkononi mwa Cucu Ngithi.

"Na kuku?" ajuza akauliza.

"Inataga," Mama Ireri akasema. "Nyamaza sasa, cucu. Ukiongea presha inapanda."

Mama, uliniambia pia nikaombe uhamisho nirudi karibu, kwa sababu huku sina mtu. Nakiri kuna usiku ambapo nilikuwa nimeshakubaliana nawe. Nilikuwa nimeanza kuaga moyoni, nikipita sokoni naangalia watu kama mgeni anayesubiri gari lake. Nimeacha hivyo. Nilipomwona yule mama akimshika ajuza mkono, nilijua sitaki kuondoka mahali ambapo watu wanaweza kukushikilia namna hiyo. Nitakuja Idd nikae nawe, nikuchue hilo goti mwenyewe, unigombeze ushibe. Kisha nitarudi kazini kwangu. Nakuomba radhi yako kwa hilo, Mama. Radhi yako ndiyo ninayoitaka, baiskeli ninayo.

Nisalimie Baba Mdogo na wote wa buchari. Shangazi Mwanajuma mwambie mahamri yake hayana mpinzani, huku wanaweka sukari kama hawataki. Msalimie Bibi, umpige busu kwenye kiganja kwa niaba yangu. Rukia asome kwa bidii. Na Hamisi, akija tena kununua mbuzi, ashuke kwenye lori anisalimie kama binadamu, nitampikia pilau. Wote walioniulizia wape salamu, na wasioniulizia wape pia ili waone aibu.

Ni mimi mwanao anayekupenda, na kukuogopa kwa kiasi,

Zuhura